Jef Raskin: Msanii aliyetaka kompyuta imtumikie mtu wa kawaida

Februari 26 mwaka 2005, katika mji wa Pacifica ulioko pwani ya California nchini Marekani, alifariki dunia Jef Raskin akiwa na umri wa miaka 61. Saratani ya kongosho iligundulika mwilini mwake mwezi Desemba mwaka uliotangulia, na haikumpa nafasi. Waliomwandikia tanzia walimtambulisha kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba ndiye aliyeanzisha mradi wa kompyuta ya Macintosh katika kampuni ya Apple.

Utambulisho huo ni sahihi lakini haumtoshi. Kabla ya Apple, Raskin alikuwa mwalimu wa sanaa chuo kikuu. Kabla ya hapo alisomea hisabati, fizikia, falsafa na muziki. Baada ya Apple alifungua kampuni yake mwenyewe, akabuni kompyuta ya pili isiyofanana na nyingine yoyote sokoni, na akaiona ikifa mbele ya macho yake. Kisha akaandika kitabu ambacho wabunifu wa programu bado wanakisoma.

Msomaji anaweza kuuliza, sisi Waswahili tulioko ughaibuni tunamkumbuka mtu huyu kwa lipi? Jibu letu ni fupi. Wengi wetu tulikutana na kompyuta ukubwani. Wengine ofisini, wengine katika mgahawa wa intaneti ambako kila dakika ililipiwa, na wengine baada ya kuvuka bahari na kukuta kwamba hata fomu ya kuomba kazi haijazwi kwa kalamu tena. Tunaijua ile aibu ya kukaa mbele ya mashine isiyokuelewa, huku mtoto wa miaka kumi akikucheka pembeni, nawe ukajiona mjinga. Raskin alitumia karibu miaka 40 ya maisha yake kusema kwamba aibu ile si yako wewe uliyekaa kwenye kiti. Ni ya yule aliyeitengeneza mashine bila kukufikiria.

Kijana wa fani nyingi

Raskin alizaliwa Machi 9 mwaka 1943 katika jiji la New York, katika familia ya Kiyahudi. Alisoma Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Stony Brook, akapata shahada za hisabati na fizikia, na pembeni akachukua masomo ya falsafa na muziki. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kusomea mantiki ya kihisabati. Akahitilafiana na profesa wake, akahamia upande wa kompyuta, na mwaka 1967 akapata shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta.

Ili kuelewa alichokiandika katika tasnifu yake, hatuna budi kukumbuka kompyuta za miaka ile zilikuwaje. Zilikuwa mashine kubwa zinazojaza chumba kizima, bei yake inashinda ya nyumba, na kila dakika yake inahesabiwa. Mtumiaji aliandaa kazi yake kwa kutoboa matundu kwenye kadi ngumu za karatasi, akazikabidhi kwa wahudumu wa mashine, akasubiri majibu yachapishwe. Tundu moja likikosewa, arudie. Muda wa mashine ulikuwa na thamani, muda wa binadamu haukuwa na thamani, na hakuna aliyeona ajabu.

Raskin aliona ajabu. Katika tasnifu yake alipendekeza mfumo aliouita Quick-Draw Graphics System. Alisema kompyuta ichore picha kwenye kioo chake, na hata herufi zichukuliwe kuwa ni picha kama picha nyingine. Na akaongeza jambo lililowakera wataalamu wa wakati ule, kwamba urahisi wa mtumiaji una uzito kuliko kasi ya mashine. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Darasa la wasanii

Baada ya hapo alikwenda Chuo Kikuu cha California tawi la San Diego kuendelea na masomo ya juu ya muziki. Hakuyamaliza. Badala yake aliajiriwa kufundisha, na hadi mwaka 1974 alikuwa profesa msaidizi katika idara ya sanaa. Alifundisha sanaa, upigaji picha na kompyuta. Aliandaa pia maonyesho ya vitu vya kuchezea watoto akivionyesha kama kazi za sanaa zinazostahili heshima sawa na michoro ya ukutani.

Hapa ndipo tunapoona mzizi wa kila alichokifanya baadaye. Wanafunzi waliokaa mbele yake hawakuwa wahandisi. Walikuwa wachoraji, wapiga picha, wanamuziki na wasomi wa fasihi, watu wenye akili timamu na vipaji, lakini ukiwaweka mbele ya kompyuta wanapigwa na butwaa. Mwalimu mwingine angesema hawa hawafai. Raskin alisema kompyuta ndiyo isiyofaa.

Kwa msaada wa fedha za Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, alisimamisha chuoni kituo cha kompyuta kwa ajili ya wanafunzi wa sanaa na fani za jamii. Hakutaka kadi za kutoboa. Alitumia kompyuta ndogo aina ya Nova, iliyotengenezwa na kampuni ya Data General, pamoja na vioo vya kuonyeshea maandishi, ili mwanafunzi aone papo hapo kile anachokiandika. Siku hizi jambo hilo ni la kawaida kama kuwasha taa, wakati ule lilikuwa jambo geni.

Akabuni pia lugha ndogo ya kompyuta aliyoiita FLOW, iliyotumika mara ya kwanza mwaka 1970 katika mafunzo ya kiangazi kwa watu wa fani za jamii huko Chuo Kikuu cha Kansas. Lugha nzima ilikuwa na amri sita tu. Mwanafunzi akianza kuandika amri na mashine ikishatambua kuwa hapo hapawezi kuja neno jingine, yenyewe inalimalizia neno. Na ukigusa herufi isiyofaa, mashine haiikubali, kwa hiyo kosa la tahajia halina njia ya kuingia. Mtu ambaye hajawahi kuigusa kompyuta aliweza kuandika programu yake ya kwanza bila kuvunjika moyo. Kila msomaji ambaye simu yake ya mkononi inammalizia maneno leo ameshaonja wazo hilo.

Kazi ya ualimu aliiacha kwa vituko vyake. Badala ya kupeleka barua ya kujiuzulu kimya kimya, alipaa kwa puto kubwa la hewa moto juu ya nyumba ya mkuu wa chuo na kutangaza kwamba anaondoka. Ndivyo alivyokuwa. Alipiga kinanda na filimbi, aliongoza wanamuziki wa opera huko San Francisco, alibuni na kuuza ndege ndogo za kuchezea zinazoongozwa kwa redio, na hakuona kwa nini mtu mmoja akae kwenye fani moja.

Kutoka ualimu kwenda biashara

Alifungua kampuni ndogo aliyoiita Bannister and Crun, jina alilolichukua kutoka kwa wahusika wawili wa mchezo wa kuchekesha wa redio ya BBC. Kazi ya kampuni hiyo ilikuwa kuandika vitabu vya maelekezo ya vifaa vya kompyuta. Wahandisi wengi waliidharau kazi hiyo, wakiona ni ya kumalizia tu baada ya mambo makubwa kwisha. Kwa Raskin ilikuwa kinyume. Anayeandika maelekezo ndiye wa kwanza kugundua kwamba mashine ina upuuzi, kwa sababu upuuzi huo ndio unaomlazimu aandike kurasa kumi pale ambapo sentensi moja ingetosha.

Mwaka 1977 kompyuta ya Apple II ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, alikutana na vijana wawili walioianzisha kampuni ya Apple, Steve Jobs na Steve Wozniak. Wakampa kazi ya kuandika kitabu cha kuwafundisha wanunuzi lugha ya BASIC. Kazi yao ikawaridhisha wote, na Januari 1978 Raskin aliajiriwa rasmi kuwa mkuu wa machapisho. Alikuwa mwajiriwa namba 31. Shahada yake ya uzamili ya kompyuta aliificha, akihofia kwamba wakimjua kuwa ni msomi wa chuo kikuu wangemwona hafai.

Mwaka huo huo alimvuta Apple kijana mmoja aliyepata kumfundisha San Diego, jina lake Bill Atkinson, ambaye wakati huo alikuwa akisoma shahada ya juu huko Seattle. Atkinson ndiye aliyekuja kuandika sehemu ya programu inayochora picha kwenye kioo cha kompyuta za Lisa na Macintosh, na sehemu hiyo ikaitwa QuickDraw, jina linalofanana na lile la tasnifu ya mwaka 1967.

Kompyuta iliyoitwa tunda

Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1979, mwenyekiti wa Apple, Mike Markkula, alimwita Raskin akamtaka asimamie mradi wa mashine ya michezo ya kuuzwa dola 500, uliopewa jina la siri la Annie. Raskin hakutaka mashine ya michezo. Akamweleza Markkula ndoto aliyokuwa nayo kwa muda mrefu, ya kompyuta ndogo ya bei nafuu ambayo mtu wa mitaani, asiye na ujuzi wowote, anaitoa kwenye boksi, anaiwasha na kufanya kazi. Isiwe na nyaya za kuunganisha, isiwe na kifuniko cha kufungua na kupachika vipande vya ziada. Kila mmoja iwe sawa na ya mwenzake, ili kitabu kimoja cha maelekezo kiwafae wote.

Jina la Annie hakulipenda, kama ambavyo hakuupenda mtindo wa kuipa miradi majina ya wanawake. Akachagua jina la tunda alilolipenda, tufaha aina ya McIntosh, na akabadilisha tahajia ili lisigongane na jina la kampuni moja ya vifaa vya muziki. Ndivyo ilivyozaliwa Macintosh. Septemba 1979 mradi ukapata kibali rasmi, ukiwa na watu wachache mno.

Raskin aliandika nyaraka nyingi za mradi huo, na kuzikusanya pamoja akaziita Kitabu cha Macintosh. Katika mojawapo alijiuliza itakuwaje siku kompyuta zitakapouzwa kwa mamilioni. Watu watazifanyia nini? Nani atazitengeneza zikiharibika? Mitandao ya simu itahimili? Huyu ni mtu wa mwaka 1979, wakati ambapo mwananchi wa kawaida hata Marekani kwenyewe alikuwa hajawahi kuigusa kompyuta.

Kumchagua Burrell Smith, kijana fundi kutoka idara ya matengenezo asiye na cheo, kuwa mbunifu wa vifaa vya ndani, kulikuwa ni uamuzi wake. Smith aliunda mashine ya kwanza ya majaribio kwa prosesa ya Motorola 6809 na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa rahisi kuitengeneza, na bei ndiyo iliyokuwa amri ya kwanza ya Raskin.

Asiyekuwepo na lake halipo

Mwishoni mwa mwaka 1980 Steve Jobs aliondolewa kwenye mradi mkubwa wa kompyuta ya Lisa. Akatafuta pengine pa kuweka nguvu zake, na jicho lake likaangukia Macintosh. Mwanzoni mwa mwaka 1981 alikuwa ameshika usukani wa vifaa, kisha mradi mzima. Watu wawili hao hawakuweza kukaa chungu kimoja. Raskin alitaka mashine ya bei ya chini kwanza, halafu ndipo wajiulize nini kinaweza kuingia ndani ya bei hiyo. Jobs alitaka mashine ya kustaajabisha kwanza, bei itajipanga yenyewe. Waliachana pia juu ya kipanya, kile kifaa cha mkononi cha kuelekezea alama kwenye kioo. Jobs na wenzake walikitaka. Raskin hakukipenda, akiona kwamba kila unapokiendea unaondoa mkono kwenye kibodi na kazi inakatika.

Raskin aliwapelekea wakubwa malalamiko ya maandishi juu ya uongozi wa Jobs. Haikusaidia. Mwaka 1982 aliondoka Apple moja kwa moja.

Januari 24 mwaka 1984 Macintosh ilizinduliwa kwa kishindo. Ilikuwa na prosesa yenye nguvu zaidi ya Motorola 68000, kumbukumbu ya kilobaiti 128, kipanya, na picha ndogo ndogo za kubofya. Bei yake ilikuwa dola 2,495. Kompyuta ya Lisa, iliyotoka mwaka mmoja kabla, iliuzwa dola 9,995, kwa hiyo kwa kulinganisha ilionekana rahisi. Lakini kwa mtu wa mitaani ambaye Raskin alimpigania, dola 2,495 zilikuwa mbali sana na zile 500 zilizotajwa mwanzo.

Je, ni nani basi baba wa Macintosh? Mjadala huu umewagawa watu mpaka leo, na sisi hatuoni haja ya kuupindisha kwa upande wowote. Waliofanya kazi na Jobs wanasema mashine iliyouzwa mwaka 1984 si ile aliyoichora Raskin, na wana hoja. Lakini wazo la kompyuta moja kamili kwa ajili ya mtu asiye mtaalamu, jina lake, na watu kadhaa waliokuja kuipa uhai, vyote hivyo vilipita mikononi mwa Raskin. Kwa miaka mingi vitabu na majarida yalisimulia kwamba kila kitu kilianza pale Jobs alipotembelea kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto mwishoni mwa mwaka 1979. Raskin, ambaye alikuwa akikifahamu kituo hicho miaka kadhaa kabla ya ziara hiyo, na ambaye mradi wake ulikuwa umeshaanza, aliandika tena na tena kusahihisha. Apple yenyewe ilimtambua kwa namna yake, ilipompa zawadi ya Macintosh ya milioni moja ikiwa na kibao cha shaba chenye maandishi.

Paka wa Canon

Wapo wanaotolewa kwenye kazi yao wakabaki kuomboleza. Raskin alianzisha kampuni nyingine iliyoitwa Information Appliance. Mwaka 1985 ilitoa SwyftCard, kadi ya kupachika ndani ya kompyuta ya Apple II iliyoifanya iwe rahisi kutumika kwa kuandikia. Na mwaka 1987, kwa ushirikiano na kampuni ya Canon ya Japani, ikatoka mashine aliyoitaka kwa moyo wake wote, Canon Cat, yaani Paka. Bei yake ilikuwa dola 1,495.

Paka haikuwa na kipanya. Haikuwa na picha za kubofya wala majina ya mafaili ya kukumbuka. Ukiiwasha, ilikurudisha pale pale ulipoishia, neno kwa neno, nawe unaendelea kuandika. Kazi yako yote ilikuwa kama hati moja ndefu. Ukitaka kwenda mahali fulani, kulikuwa na vitufe viwili chini ya kile cha kuachia nafasi, kimoja cha kwenda mbele na kingine cha kurudi nyuma. Unakibonyeza kwa kidole gumba, huku umekishikilia unaandika herufi za mwanzo za neno unalolitafuta, na unaruka mpaka hapo kabla hujamaliza hata kuliandika. Ukitaka kujumlisha hesabu katikati ya barua, unaandika hesabu hapo hapo, unaiamuru, jibu linatokea. Ukikosea, kulikuwa na kitufe cha kutengua.

Sisi ambao tumepata kupoteza makala nzima umeme ulipokatika, tukakaa gizani tukijaribu kukumbuka aya ya kwanza ilisemaje, tunajua thamani ya mashine inayojali kilichoandikwa kuliko inavyojali taratibu zake.

Hata hivyo Paka haikuishi. Canon iliikabidhi kwa kitengo chake cha mashine za kuchapia, ikauzwa kama kifaa cha makarani na si kama kompyuta ya aina mpya. Ziliuzwa kiasi cha 20,000, na baada ya miezi michache ikasimamishwa. Kampuni ya Raskin nayo haikudumu baada ya pigo hilo. Hii ilikuwa mara ya pili kwa mashine aliyoianzisha kumponyoka.

Tunadhani ni haki kusema kwamba hapa palikuwa na upungufu wake pia. Alikuwa mtu wa msimamo mkali, aliyeamini kwamba jambo likishathibitika kuwa bora basi watu watalifuata. Soko haliendi hivyo. Mtu aliyekwishajifunza njia moja, hata kama ni ndefu, haiachi kwa sababu tu ameonyeshwa ya mkato. Na cha ajabu ni kwamba Raskin mwenyewe ndiye aliyekuja kulieleza jambo hilo kwa ufasaha zaidi.

Mwalimu anarudi darasani

Mwaka 1994 aliandika makala fupi juu ya neno ambalo wauzaji wa kompyuta walilipenda mno, kwamba kifaa chao mtu atakielewa mwenyewe bila kufundishwa. Raskin alipinga. Alisema kinachoitwa kueleweka chenyewe ni kitu kinachofanana na ulichokwisha kukizoea, basi. Alitoa mfano wa mwalimu mmoja msomi kutoka Finland ambaye hakuwahi kuona kipanya. Alipowekewa mbele yake, hakujua akifanye nini mpaka alipoonyeshwa. Hakuwa mjinga, hakuwa amezoea.

Kwetu sisi hoja hii ni nzito. Bibi aliyetoka kijijini akafika Ulaya kuwaona wajukuu, akashindwa na mashine ya tiketi kituoni, hana upungufu wa akili. Aliyeichora mashine ile alidhani kila mtu duniani amezoea yale aliyoyazoea yeye.

Mwaka 2000 Raskin alitoa kitabu chake kikubwa, The Humane Interface. Ndani yake alichukua elimu ya saikolojia na kuitumia kupima mashine. Binadamu, alieleza, anaweza kuliwekea akili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mengine yote anayafanya kwa mazoea. Kwa hiyo mashine ambayo kitufe kile kile leo kinafanya hivi na kesho vile, kutegemea hali iliyomo, itamkosesha mtu hata awe mwangalifu vipi. Mfano ni kile kitufe cha herufi kubwa. Ni nani kati yetu hajawahi kuandika neno la siri mara tatu na kukataliwa, kumbe kitufe hicho kilikuwa kimewashwa?

Alieleza pia kwa nini lile swali linalotokea kwenye kioo kuuliza kama una hakika unataka kufuta halina faida. Baada ya kuliona mara ishirini, kidole kinajibu ndiyo chenyewe kabla akili haijasoma. Dawa, kwa maoni yake, ni kumruhusu mtu kutengua alichokifanya, wakati wowote. Na akaweka kanuni, akiiga zile sheria za roboti za mwandishi Isaac Asimov, kwamba mashine isiidhuru kazi ya mtu, wala isikae kimya ikaacha kazi hiyo idhurike.

Siku zake za mwisho alikuwa akijenga programu ya kuyathibitisha mawazo hayo yote, ambayo mwanzoni mwa mwaka 2005 ilipewa jina la Archy. Hakuimaliza. Chini ya miezi miwili baadaye akafariki.

Alichoacha

Mwanawe, Aza Raskin, naye aliingia katika fani hiyo hiyo. Mwaka 2006 alibuni ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho, ambao unateremka na kuteremka na habari mpya zinaendelea kuja bila wewe kubofya chochote. Makampuni ya mitandao ya kijamii yaliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu unamfanya mtu asiinue kichwa. Baadaye Aza alijitokeza hadharani kuujutia ubunifu huo, na mwaka 2018 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi ya kudai teknolojia yenye utu.

Hapo ndipo maisha ya Jef Raskin yanapotugusa zaidi leo kuliko alipokuwa hai. Simu tulizonazo mifukoni ni rahisi kuliko kompyuta yoyote aliyoiota. Bibi yule yule aliyeshindwa na mashine ya tiketi sasa anatuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga hadi Toronto bila msaada. Katika hilo, mtu wa mitaani ameshinda. Lakini urahisi umetumika pia kutushika, kutufanya tubonyeze bila kufikiri na tukae tulipokuwa hatukukusudia kukaa. Mazoea ambayo Raskin aliyachunguza ili yamkinge mtu, wengine wameyachunguza ili wayauze.

Kwa vijana wetu wanaosoma vyuoni huku ughaibuni, ambao wazazi wanawasukuma wachague moja, ama sanaa ama kompyuta, maisha ya mtu huyu ni ushahidi wa kuweka mezani. Raskin hakufika kwenye Macintosh kwa kuuacha uchoraji na muziki. Alifika kwa kuwafundisha wachoraji na wanamuziki, akiwasikiliza walipokwama, na kukataa kuwaita wajinga. Shahada ya kompyuta wengi walikuwa nayo. Darasa lile la San Diego alikuwa nalo yeye.